Kujifunza miundo ya data kwa bloku: Njia ya mkato au mchezo wa watoto?

Na Mwandishi Wetu, Morogoro

SOMO la miundo ya data ni mlango mwembamba ambao kila mwanafunzi wa kompyuta hana budi kuupita. Anayeupita huweza kuandika programu ya benki, ya hospitali au ya mamlaka ya maji. Anayeshindwa huondoka chuoni na cheti mkononi, huku akiwa hana uwezo wa kutengeneza chochote ambacho hakukikariri.

Ugumu wa somo hilo hautokani na hesabu pekee. Mwanafunzi hutakiwa kuona kwa jicho la akili vitu visivyoonekana, yaani jinsi taarifa zinavyopangwa, zinavyounganishwa na zinavyohama ndani ya kumbukumbu ya kompyuta. Wakati huo huo hupambana na lugha ya programu, kama vile Java au C, ambayo nukta mkato moja ikisahauliwa hukataa kazi nzima na kutoa ujumbe wa Kiingereza unaozidi kumchanganya.

Ni kwa sababu hiyo baadhi ya walimu wa kompyuta duniani wamegeukia zana ambazo mwanafunzi haandiki maneno, bali huburuta vipande vya rangi na kuvipachika kimoja juu ya kingine. Vipande hivyo huitwa bloku. Swali linaloulizwa ni iwapo zana iliyobuniwa kwa ajili ya watoto ina nafasi yoyote katika darasa la chuo kikuu.

Mji wa vyuo chini ya mlima

Kwa mji wa Morogoro swali hilo si la kinadharia. Chini ya Milima ya Uluguru kipo Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), kilichoanzishwa mwaka 1984, ambacho pamoja na kilimo na mifugo hutoa shahada ya informatiki. Umbali wa kilomita takriban 20 kutoka mjini kipo Chuo Kikuu cha Mzumbe, kilichopata hadhi ya chuo kikuu mwaka 2001, ambacho nacho hutoa shahada za teknolojia ya habari na mawasiliano zikiambatana na masomo ya uongozi na biashara.

Wanafunzi wanaofika katika vyuo vya namna hiyo hawalingani. Yupo aliyekulia nyumbani kwenye kompyuta, na yupo aliyetoka sekondari ya kata isiyokuwa na maabara ya kompyuta, ambaye kibodi anaigusa kwa mara ya kwanza katika wiki ya kwanza ya masomo. Wote wawili huketi katika ukumbi mmoja na kufundishwa kwa kasi moja.

Historia nayo imechangia. Kompyuta ya kwanza iliingia serikalini mwaka 1965, katika Wizara ya Fedha, lakini mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku uingizaji wa vifaa hivyo nchini, na kizazi kizima kilisoma bila kuviona. Walimu wengi wa sekondari walio kazini walilelewa na kizazi hicho.

Hali imeanza kubadilika. Mitaala mipya iliyoanza kutumika mwaka 2024 imelipa somo la sayansi ya kompyuta nafasi yake katika sekondari, na nchini Kenya taasisi ya ukuzaji mitaala iliidhinisha mtaala wa uandishi wa programu mwaka 2022. Hata hivyo, kuwapo kwa somo kwenye karatasi ni jambo moja, na mwanafunzi kulielewa ni jambo jingine.

Bloku zilikotoka

Wazo la kumfundisha mtu programu kwa kitu anachokiona si geni. Mwaka 1967, nchini Marekani, Seymour Papert akishirikiana na Wally Feurzeig na Cynthia Solomon walibuni lugha ya Logo, ambayo baadaye ilipata umaarufu kwa kumwamuru kobe achore mistari. Miaka 40 baadaye, mwaka 2007, kikundi kilichoongozwa na Mitchel Resnick katika chuo cha MIT kilitoa Scratch, na hapo bloku zikaenea duniani.

Kampuni ya Google ilitoa App Inventor mwaka 2010, ya kutengenezea programu za simu, ambayo baadaye ilikabidhiwa kwa MIT. Mwaka 2012 ikatoa Blockly, na juu ya msingi huo ndiko likajengwa toleo la tatu la Scratch lililotoka Januari 2019. Katika ukanda wetu, Rwanda ilianza kusambaza kompyuta ndogo za watoto mwaka 2008, na zaidi ya 200,000 ziligawiwa. Ndani yake mlikuwa na programu ya kobe inayoendeshwa kwa bloku.

Siri ya bloku ipo katika umbo lake. Agizo lina meno juu na chini, hivyo hushikana na agizo jingine. Thamani, kama vile namba au jina, ina umbo la mviringo. Swali la ndiyo au hapana lina pembe sita. Kipande kisichostahili mahali fulani hakiingii, kama ufunguo usio wa kufuli hiyo.

Matokeo yake ni kwamba kosa la sarufi haliwezekani. Linalobaki ni kosa la fikra, nalo ndilo ambalo mwalimu wa miundo ya data anataka kulishughulikia.

Tenga la mwisho hushuka kwanza

Tuchukue muundo ulio mwepesi kuliko yote, ambao hapa tutauita rundo. Kanuni yake ni kwamba kinachoingia mwisho ndicho kinachotoka kwanza.

Mkazi wa Morogoro anaufahamu muundo huo bila kwenda chuo. Lori linapopakia matenga ya nyanya kutoka Nyandira, huko Mgeta, tenga lililopakiwa mwisho ndilo linaloshushwa kwanza sokoni. Anayetaka tenga la chini kabisa hana njia nyingine isipokuwa kushusha yote yaliyo juu yake.

Katika Scratch, mwanafunzi hutengeneza orodha na kuipa jina, tuseme "lori". Kisha hujitengenezea bloku mbili zake mwenyewe. Ya kwanza, "pakia", huongeza kitu mwishoni mwa orodha. Ya pili, "shusha", husoma kitu cha mwisho, hukiweka kwenye kisanduku cha kumbukumbu, halafu hukifuta kwenye orodha.

Faida kubwa huonekana hapo hapo. Orodha husimama kwenye skrini, na kila bloku inapofanya kazi mwanafunzi huiona ikirefuka na kufupika. Katika lugha za maandishi orodha hiyo hukaa gizani, na anayetaka kuiona lazima aandike maagizo mengine ya kuichapisha.

Lakini hapo hapo ipo hatari, na mwalimu asiyeiona atawadhuru wanafunzi wake. Bloku ya "shusha" ikiitwa wakati lori ni tupu, Scratch hailalamiki. Hurudisha thamani tupu na kuendelea kimya kimya. Java, kinyume chake, husimamisha programu na kupiga kelele. Mwanafunzi aliyezoea ukimya huo hujenga programu zisizojiuliza kamwe, "Na kama hakuna kitu?"

Swali hilo lazima liulizwe na mwalimu, kwa kuwa kompyuta haitaliuliza.

Rundo si mchezo wa sokoni tu. Kila mtu anapobonyeza kitufe cha kutengua alichokosea katika kuandika barua, rundo ndilo linalomrudisha nyuma hatua moja moja. Wajerumani wawili, Friedrich Bauer na Klaus Samelson, waliomba hataza ya kanuni hiyo mwaka 1957.

Foleni ya panya wa SUA

Muundo wa pili ni foleni, ambayo anayetangulia kufika ndiye anayetangulia kuhudumiwa. Mfano wa benki umechoka kwa kutumiwa. Morogoro unao wake ulio bora zaidi.

Katika kampasi ya SUA lipo shirika la APOPO, lililohamia mjini hapa mwaka 2000, ambalo hufunza panya buku kunusa mabomu ya ardhini na makohozi yenye vimelea vya kifua kikuu. Sampuli hupangwa kwa mstari, na panya huzipitia moja baada ya nyingine. Kwa mujibu wa shirika hilo, panya mmoja huweza kupitia sampuli 100 kwa muda usiozidi dakika 20.

Mwanafunzi anayetengeneza foleni hiyo kwa bloku huongeza sampuli mwishoni mwa orodha na kuondoa ile ya kwanza. Kazi imekwisha, na inaonekana nyepesi kuliko rundo. Hapo ndipo mwalimu mzuri anapoanza kuuliza.

Sampuli ya kwanza ikiondolewa, ya pili inakuwa ya kwanza, ya tatu inakuwa ya pili, na kadhalika hadi mwisho. Nani amezihamisha? Scratch imefanya hivyo bila kusema. Kwa sampuli 10 hakuna anayehisi. Kwa orodha yenye vitu 100,000, kila anayetoka mbele huwasogeza 99,999 waliobaki nyuma yake.

Dawa yake ni kutowasogeza kabisa. Mwanafunzi huweka visanduku viwili, "mbele" na "nyuma", vinavyokumbuka nafasi ya anayefuata kuhudumiwa na nafasi ya anayefuata kuingia. Nafasi zikifika mwisho huzunguka na kurudi mwanzo, kwa kutumia bloku ya kutafuta baki la mgawanyo. Hii ndiyo foleni ya mzunguko, ambayo vitabu huieleza kwa kurasa kadhaa na ambayo kwa bloku huonekana ikizunguka kwenye skrini.

Reli ya kisasa na sanaa ya kuunganisha

Mahali ambapo wanafunzi wengi huangukia ni orodha ya viungo. Hii ni orodha ambayo vitu vyake havikai jirani kwa jirani katika kumbukumbu. Kila kimoja hubeba taarifa yake pamoja na kielekezi, yaani anwani ya kinachofuata. Wamarekani Allen Newell, Cliff Shaw na Herbert Simon waliitumia tangu katikati ya miaka ya 1950, na hadi leo inawasumbua vijana.

Msomaji aliyesafiri kwa treni ya reli ya kisasa, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024, anazo data za kutosha. Vituo ni Dar es Salaam, Pugu, Soga, Ruvu, Ngerengere na Morogoro. Kila kituo kinajua kinachofuata.

Scratch haina vielekezi. Upungufu huo, kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, ni neema kwa mwanafunzi, kwa kuwa analazimika kuvitengeneza mwenyewe. Hutengeneza orodha mbili zinazokwenda sambamba. Ya kwanza ina majina ya vituo, na ya pili ina namba ya kituo kinachofuata.

Katika nafasi ya 1 yupo Dar es Salaam, na kinachofuata ni 2. Nafasi ya 2 ni Pugu, kinachofuata ni 3. Soga ipo nafasi ya 3 na inaelekeza 4. Ruvu ipo nafasi ya 4 na inaelekeza 5. Ngerengere, nafasi ya 5, inaelekeza 6. Morogoro, nafasi ya 6, inaelekeza 0, maana yake safari ya mfano wetu imeishia hapo.

Sasa tuseme kwa ajili ya zoezi kwamba kituo kipya kinajengwa kati ya Ngerengere na Morogoro. Hakuna haja ya kumsogeza yeyote. Jina la kituo kipya huandikwa mwishoni, nafasi ya 7. Kisha namba mbili tu ndizo zinazoguswa: kituo kipya huelekeza 6, na Ngerengere huelekeza 7.

Mpangilio wa hatua hizo mbili ndio somo lenyewe. Mwanafunzi akianza na Ngerengere, akafuta 6 na kuandika 7 kabla hajaihifadhi ile 6 popote, Morogoro imepotea. Jina lake bado limo kwenye orodha, ila hakuna kituo kinachoelekeza huko. Treni inafika kituo kipya na haijui pa kwenda.

Kosa hilo ndilo ambalo kwa lugha ya C huangusha programu nzima bila maelezo, na mwanafunzi hukesha akilitafuta. Kwa bloku, kosa ni lile lile, lakini anaziona namba kwa macho yake na anaweza kunyoosha kidole mahali kiungo kilipokatika.

Kufuta kituo ni zoezi jingine la aina hiyo, na msomaji anaweza kulijaribu kwa karatasi na kalamu.

Mto ni mti

Baada ya orodha huja miti. Vitabu vya kigeni hupenda kuchora mti wa mafaili ya kompyuta au wa vyeo vya kampuni. Milima ya Uluguru, yenye vilele vinavyozidi mita 2,600, inatoa mfano ulio hai, nao ni Mto Ruvu.

Ruvu hupokea maji ya Mto Mgeta. Mbele zaidi hupokea Ngerengere, ambao nao umepokea Mto Morogoro unaoshuka kupita mjini. Mwisho wake ni Bahari ya Hindi, karibu na Bagamoyo. Ukiugeuza mchoro huo, mdomo wa mto ndio shina, mikono ya mto ndiyo matawi, na chemchemi za mlimani ndizo majani.

Mtu akiulizwa ni kiasi gani cha maji kinapita kwenye mdomo, hawezi kujibu kabla ya kujua kinacholetwa na kila mkono, na kila mkono hauwezi kujibu kabla ya kuuliza mikono yake midogo. Swali ni lile lile ngazi kwa ngazi, mpaka chemchemi isiyo na mkono mwingine itoe jibu lake yenyewe. Huo ndio mjirudio, yaani bloku inayojiita yenyewe, dhana inayowatoa jasho wanafunzi kuliko zote.

Kwa Waluguru, wenyeji wa milima hii, upo mti mwingine. Ukoo wao hufuatwa kwa upande wa mama. Kwa lugha ya programu, kila mtu ana kielekezi kimoja kinachoelekea kwa mama yake, na anayetaka kujua ukoo wa mtu hupanda kielekezi kwa kielekezi hadi afike kwa bibi anayejulikana. Mwanafunzi anayetoka katika jamii inayofuata upande wa baba hubadilisha kielekezi tu, na programu iliyobaki haiguswi.

Hapa lakini Scratch hufikia ukomo wake, na ni vema kusema wazi. Orodha ya Scratch haiwezi kubeba orodha nyingine ndani yake. Bloku ambayo mtumiaji ameitengeneza haiwezi kurudisha jibu, na visanduku vya kumbukumbu havifungwi ndani ya bloku moja, kwa hiyo bloku inapojiita yenyewe majibu huandikiana juu. Inawezekana kulizunguka tatizo hilo kwa kujenga rundo la mkono, lakini hapo zana inaanza kumchosha mwanafunzi badala ya kumsaidia.

Kwa sababu hiyo wataalamu wawili, Jens Mönig na Brian Harvey wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walitengeneza Snap!, ambayo kwa sura hufanana na Scratch. Humo orodha huweza kuingia ndani ya orodha, bloku hurudisha jibu, na hata bloku yenyewe huweza kukabidhiwa kwa bloku nyingine kama kitu cha kawaida. Snap! imetumika katika kozi ya chuo kikuu huko Berkeley, jambo linalopunguza nguvu ya hoja kwamba bloku ni za watoto.

Kupima badala ya kuamini

Sehemu nyingine ambayo bloku hufanya vizuri ni kuonyesha gharama. Mwalimu anaweza kuandika ubaoni kwamba utafutaji wa kugawa nusu ni wa haraka, na wanafunzi wakanakili. Ni tofauti kabisa mwanafunzi anapoweka kisanduku cha kuhesabia na kujionea.

Katika orodha ya majina 1,000 yaliyopangwa kwa alfabeti, anayetafuta jina kuanzia la kwanza huweza kulazimika kuangalia majina yote 1,000. Anayefungua katikati, akatupa nusu isiyofaa na kurudia, hahitaji zaidi ya hatua 10. Majina yakiwa 1,000,000, hatua ni 20 tu.

Kupanga nako ni hivyo. Njia ya kulinganisha kila jirani na jirani yake, ambayo wanaoanza huipenda kwa urahisi wake, huhitaji ulinganisho 499,500 kwa vitu 1,000 iwapo hawana bahati. Njia ya kugawa na kuunganisha humaliza kazi hiyo kwa ulinganisho usiofika 10,000. Kwenye Scratch, ambayo si ya haraka, tofauti hiyo haihitaji kuelezwa, kwa kuwa darasa zima hukaa likisubiri.

Orodha moja ya Scratch hubeba vitu visivyozidi 200,000. Kwa mazoezi ya darasani kiasi hicho kinatosha.

Utafiti unasema nini

Ushahidi uliopo hauwapi ushindi kamili wanaozitetea bloku wala wanaozipinga. Watafiti wa Marekani, David Weintrop na Uri Wilensky, waliwafuatilia wanafunzi wa sekondari, baadhi wakianza kwa bloku na wengine kwa maandishi. Katika matokeo waliyochapisha mwaka 2017, baada ya wiki tano walioanza kwa bloku walikuwa wamejifunza zaidi na walikuwa na hamu kubwa zaidi ya somo. Lakini makundi yote mawili yalipohamia Java kwa wiki 10, tofauti hiyo ilitoweka.

Wapo wanaosoma matokeo hayo kama hukumu dhidi ya bloku. Yanaweza pia kusomwa kinyume: walioanza kwa bloku hawakuchelewa. Kwa mwanafunzi ambaye angekata tamaa katika wiki ya tatu na kuhama kozi, wiki tano za kuelewa si jambo dogo.

Watafiti wa Israel, Orni Meerbaum-Salant, Michal Armoni na Mordechai Ben-Ari, walitoa onyo mwaka 2011 kwamba Scratch huzaa tabia mbaya. Wanafunzi huanza kuburuta bloku zinazoonekana kufaa kabla ya kufikiri wanachotaka kujenga, na huvunja programu katika vipande vidogo mno visivyo na mantiki. Aliyewahi kumtazama kijana akifanya kazi kwa bloku bila mwongozo atakubaliana nao.

Suala la lugha

Scratch inaweza kuwekwa katika Kiswahili, pamoja na lugha nyingine nyingi duniani. Kwa Tanzania, ambapo mtoto husoma shule ya msingi ya serikali kwa Kiswahili na kisha sekondari na chuo kwa Kiingereza, jambo hilo lina uzito wake. Wapo wanafunzi ambao hawajashindwa kuelewa foleni ni nini. Wameshindwa kuelewa sentensi ya Kiingereza inayoieleza foleni.

Juhudi za aina hiyo zilishaanza zamani. Mwaka 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kupitia mradi wa Kilinux kilitoa Jambo OpenOffice, programu huria za ofisini zilizotafsiriwa kwa Kiswahili. Kikwazo kilichobaki ni istilahi. Chombo chenyewe bado kina majina matatu, kompyuta, tarakilishi na ngamizi, na kwa miundo ya data kila mwalimu hujitafutia lake. Maneno kama rundo na kielekezi yaliyotumika humu yanaeleweka, lakini mtihani wa chuo hautayatumia, hivyo mwalimu hana budi kumfundisha mwanafunzi majina yote mawili tangu siku ya kwanza.

Kilomita zaidi ya 300 kutoka hapa, mkoani Iringa, kilichokuwa Chuo Kikuu cha Tumaini, ambacho sasa ni Chuo Kikuu cha Iringa, kilianzisha mwaka 2007 shahada ya teknolojia ya habari iliyotungwa kufuata mazingira ya Tanzania, kwa ushirikiano na wataalamu wa Finland wakiwamo Erkki Sutinen na Matti Tedre. Msimamo wao ulikuwa kwamba mtaala wa kompyuta hauwezi kuhamishwa mzima mzima kutoka Ulaya ukategemewa kuota hapa. Mfano wa matenga na wa mto unafuata njia hiyo.

Pasipo umeme

Gharama ni swali la haki. Scratch hutolewa bure, na ikishasakinishwa kwenye kompyuta haihitaji intaneti tena. Snap! hufanya kazi ndani ya kivinjari, na inaweza kupakuliwa na kutumika bila mtandao. Kompyuta kuukuu yenye kumbukumbu ndogo itasuasua, ila kwa programu fupi itafanya kazi.

Na pasipo kompyuta ya kutosha, bloku zinaweza kuwa za karatasi. Mwaka 2006, Dale Parsons na Patricia Haden wa New Zealand walieleza zoezi ambalo programu sahihi hukatwa mstari kwa mstari, mistari ikachanganywa, na mwanafunzi akatakiwa kuipanga upya. Kwa manila, mkasi na kalamu ya wino mzito, mwalimu wa sekondari ya Matombo au Mgeta anaweza kuandaa zoezi la darasa zima kwa jioni moja. Nchini humo humo, Tim Bell na wenzake walishaonyesha tangu miaka ya 1990 kwamba kupanga na kutafuta kunaweza kufundishwa kwa wanafunzi kusimama mstari uwanjani na kubadilishana nafasi.

Kuvuka kwenda kwenye maandishi

Hakuna mwajiri atakayemlipa mtu kwa kuburuta bloku, na mitihani mingi ya vyuo bado huandikwa kwa kalamu katika Java, C au Python. Kwa hiyo daraja la kuvukia lazima lijengwe mapema. Kwa maoni ya mwandishi, kila muundo ujengwe kwanza kwa bloku, na ndani ya wiki hiyo hiyo uandikwe tena kwa maandishi, badala ya kumaliza muhula mzima wa bloku ndipo maandishi yaanze.

Yapo mambo machache yanayowakwaza wanaovuka, nayo yanatabirika. La kwanza ni hesabu ya nafasi. Orodha ya Scratch huanza na nafasi ya 1, wakati safu za Java, C na Python huanza na 0. Mwanafunzi asiyeambiwa atapoteza kitu cha kwanza au kugonga ukuta kwenye cha mwisho, na atalaumu kompyuta. La pili ni aina za data, kwa kuwa Scratch huchanganya namba na maneno katika orodha moja bila kujali, na Java haivumilii hilo.

La tatu ni ile sufuri iliyowekwa kwa Morogoro. Katika Java mahali pake huchukuliwa na neno maalumu lenye maana kwamba hakuna kinachofuata, na programu inayojaribu kuendelea mbele ya hapo husimama papo hapo. Mwanafunzi aliyeandika vituo vyake kwa bloku anajua tayari kwa nini treni imesimama. Kazi iliyobaki ni kuandika sharti la kukagua iwapo kituo kinachofuata kipo, kabla ya kuiruhusu treni kuondoka.